Upinde wa Kilo Thelathini

6 Julai 2024, Manyamanyama

Tabibu wa viungo kule Musoma ameniagiza niandike kila siku bega langu la kulia limeamkaje, ili nikirudi kwake mwezi wa kumi nisimpigie hadithi. Basi nimeanza. Leo limeamka vibaya. Nimeshinda kwenye mizani ya pamba tangu asubuhi. Magunia yanakuja kwa mikokoteni, mengine kwa trekta, na kila mkulima anaamini kwamba mimi karani ndiye niliyekula kilo zake. Nimechoka mpaka kope.

Lakini la leo si pamba. Kibali kimetoka. Mbogo mmoja, dume, kwa upinde, mwisho tarehe thelathini Septemba. Mimi na mdogo wangu Gabriel tumekisubiri miaka. Bwana Gody wa ofisi ya wanyamapori alinikabidhi huku akizitazama mvi zangu. Masharti ni mawili: sumu hakuna, na upinde uwe na uzito usiopungua kilo thelathini ukivutwa mpaka kidevuni.

"Baba yenu alikuwaga na sumu," akaniambia. "Mshale ukimkwaruza tu, mnakaa chini mnasubiri. Ninyi mshale wenyewe ndio ufanye kazi. Upite ngozi, upite mbavu. Ukiwa na upinde mwepesi utamjeruhi tu, halafu mimi ndiye nitakayekuja kuokota watu."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

7 Julai

Misa. Bega limeamka vizuri kidogo. Mke wangu Flora anasema ni kwa sababu jana usiku nililala nikiwaza mbogo badala ya pamba.

9 Julai

Bega: vibaya. Pamba nyingi.

13 Julai, Butiama

Nimekwenda kwa Wambura kuchagua upinde. Wambura ni fundi seremala, anatengeneza vitanda na madawati, na pinde kwa anayemwomba vizuri. Nilibeba mizani ya kuning'iniza ya pale kituoni. Tukaifunga kwenye boriti ya karakana, tukatia upote kwenye ndoano, ule uzi wa kano unaotuma mshale, kisha Wambura akaushusha upinde mpaka upote ukafika alama ya urefu wa mshale wangu. Sindano ya mizani nayo ikapanda.

Wa kwanza ulisoma thelathini na sita. Niliuvuta mara moja, bega likalia kama bawaba. Nikaurudisha bila kusema kitu. Wa pili, mti wa mkole, umenyooka vizuri, ulisoma thelathini na nusu. Nikauvuta. Nikafika kidevuni. Wa tatu ulisoma ishirini na tano, nao nilicheza nao kama mtoto wa shule.

"Huo wa tatu ndio wako, bwana karani," Wambura akasema.

"Huo ni wa kongoni. Mimi nina kibali cha mbogo."

"Mbogo ni wako, bega je ni la nani? Sikiliza. Upinde siyo wa kuvuta, ni wa kushikilia. Kuvuta hata mkeo mama Adventina atavuta ukimuudhi."

Nilichukua wa thelathini. Nimeandika hapa ili tabibu asome: niliuvuta mwenyewe, na nilifika kidevuni.

14 Julai

Sikuweza kuinua kikombe cha uji kwa mkono wa kulia. Flora ameona, akahamishia kikombe kushoto kwangu bila neno. Ndivyo alivyo. Angenisema ningejibu, ila akinyamaza sina pa kushika.

18 Julai

Nimefanya mazoezi nyuma ya nyumba, gunia la nyuzi za pamba ndilo shabaha. Mishale mitano ya kwanza ilizama vizuri. Wa sita ulienda kwa jirani. Jirani ameurudisha akiwa na maneno.

21 Julai, Butiama

Nifafanue jambo moja, kwa kuwa tabibu ni mtu wa Kilimanjaro na hazijui mila zetu.

Nyumbani kwetu mshale wa kwanza ni wa kaka mkubwa. Mdogo wake anasimama mbele kidogo, ubavuni, ana mkuki tu. Kazi yake ni kuwa macho ya kaka, na uhai wake uko kwenye mkono wa kaka. Mshale ukiingia vizuri, wote wanarudi. Ukiingia vibaya, aliye mbele ndiye anayekutana na mnyama.

Kwa sababu hiyo hatuendi kwa majigambo. Kabla ya mawindo, dada mkubwa wa nyumba anakuja na kutaja majina ya marehemu wetu wote, mmoja mmoja, pumzi moja kwa kila jina. Mwenye mshale wa kwanza anavuta upinde wake na kuushikilia mpaka jina la mwisho. Mkono ukitetemeka kabla dada hajamaliza, upinde ule si wake msimu huo. Achukue mwepesi na kumwacha mnyama mkubwa, au ampe mdogo wake nafasi na yeye abebe maji. Hakuna rufaa. Anayepima ni dada kwa sababu yeye ndiye atakayelia.

Shida ya utaratibu huu ni moja. Kila mwaka mwindaji anazeeka, na kila mwaka majina yanaongezeka.

Leo nimemwambia Gabriel kwamba upinde ni wa kilo thelathini. Gabriel ana mikono ya kuinua ng'ombe, ila ni mtu wa haraka. Upote ukigusa kidevu, keshaachia. Alinitazama bega, akatazama chini, akasema, "Wewe ndiye kaka." Sijui lilikuwa jibu au lawama.

Sitaki kubeba maji. Naandika wazi, kwa sababu hapa hakuna wa kunicheka. Nimepima pamba ya watu maisha yangu yote, nimeitwa mwizi kwa majina ya kila kabila la Mara, na mara moja kwa mwaka, porini, nilikuwa mtu. Sitaki kubeba maji.

25 Julai

Bega: sina la kusema.

28 Julai

Dada Gaudensia ametuma kifurushi kutoka Kamunyonge: dagaa na mafuta ya kuchua. Yeye mwenyewe bado yuko kwenye matanga moyoni. Mwanaye Revocatus alipigwa na radi mwezi wa nne, mvua za masika, uani kwa dada, anakimbiza vifaranga ndani. Alikuwa fundi simu pale Musoma, kijana wa masihara. Alikuwaga akitucheka na pinde zetu, anasema tungenunua nyama buchani tukaokoa miguu. Miezi mitatu bado haijaisha vizuri, na dada anakumbuka bega langu. Nimejipaka. Linanuka karafuu, maumivu yako palepale.

1 Agosti

Upepo na vumbi. Nimeushikilia upinde huku nikihesabu majina moyoni. Nilifika kwa mama, mkono ukaanza. Baada ya mama kuna baba, kuna Gasper mdogo wetu, na sasa kuna Revocatus.

2 Agosti

Nilifika kwa baba.

3 Agosti

Nilifika kwa mama.

4 Agosti, Butiama

Tulitoka misa ya kwanza tukakutana uani kwa Gabriel. Wambura alikuja kuona kazi yake. Flora alikaa kwenye benchi, mikono mapajani. Dada Gaudensia alifika na gari la asubuhi kutoka Musoma. Amekonda, kitenge kimemzunguka mara mbili. Alinisalimia, akaushika upinde, akaupima kwa mkono, akanirudishia, akaniita kwa jina.

"Niko, huu ni mzito."

"Ndio sheria, dada."

"Haya."

Nikavuta. Nilikuwa nimekunywa uji, nimepumzika, jua lilikuwa limelipasha bega. Dada akasimama mbele yangu, akaanza. Babu Makongoro. Bibi Rhobi. Anataja taratibu kama anavyotaja kila mwaka, macho yake yako kwenye ncha ya mshale. Akapita kwa baba wakubwa, akapita kwa shangazi Wankyo. Alipofika kwa mama Dorotea nilihisi moto umewaka chini ya shingo. Kwa baba Magesa jasho liliingia jichoni. Gasper. Hapo nilikuwa nimebaki na uzi mmoja tu wa nguvu, nikasema moyoni, moja bado, moja tu.

Dada akanyamaza. Kisha akageuka, akaenda kukaa.

Nikashusha. Gabriel akapiga kelele ya furaha, Wambura akapiga makofi, shemeji zangu wakapiga vigelegele. Flora hakupiga. Wote tulikula ugali na nyama ya mbuzi. Dada aliondoka mapema, alisema ana dagaa juani.

Aliruka jina. Aliruka jina la mwanaye mwenyewe ili mimi nifaulu.

5 Agosti

Pamba. Bega limevimba.

6 Agosti

Nimelala nikigeuka geuka. Kama angeniambia tu, "Niko, umezeeka, chukua wa kongoni," ningekasirika siku mbili yakaisha. Kunihurumia mbele ya watu, tena kwa kumkata mtoto wake kwenye orodha ya marehemu! Mtu anipende hivyo, mimi nijifiche wapi?

Halafu nikajiuliza, kwa nini sikusema palepale? Ningesema, "Dada, bado Revocatus." Maneno matatu. Nilikuwa na hofu kwamba atalitaja.

10 Agosti

Bwana Gody alikuja kupima upinde kwa mizani yake mwenyewe. Kilo thelathini kamili. Umelegea nusu kilo kwa kuvutwavutwa. Akaandika, akafunga kalamu.

"Upinde umepita," akasema. "Na wewe?"

"Nimetajiwa majina." Kwetu jibu hilo linatosha. Yeye ni mtu wa Bunda, anaujua utaratibu. Akatikisa kichwa kukubali, akaniambia atakuja na sisi na bunduki yake, ndiyo kanuni. Nilijiona mwongo ambaye hajasema uongo.

11 Agosti

Dagaa tena kutoka kwa dada. Nimemwambia Flora awape jirani.

17 Agosti, porini

Tumezunguka na kuambulia nyayo za zamani. Gabriel anatembea mbele akiimba kimoyomoyo, midomo inamchezacheza. Anavyoniamini inanichosha kuliko njia.

18 Agosti

Bega. Kiuno. Miguu. Tabibu achague.

24 Agosti

Nimempelekea Wambura upinde, nikamwomba aukwangue kidogo tumboni upungue. Alikataa.

"Nikikwangua utasoma ishirini na saba. Gody akipima tena, utaniweka pabaya. Na asipopima, utamweka Gabriel pabaya." Akanirudishia. "Chukua ule wa ishirini na tano, umwache mbogo kwa amani. Nani atakucheka? Mimi? Mimi natengeneza majeneza pia, bwana karani. Sichekagi watu wanaorudi kwa miguu yao."

Nilimwona mtu mwenye domo. Nikaondoka na upinde wangu.

31 Agosti

Porini. Kundi la majike na ndama. Si halali yetu. Tulirudi.

3 Septemba

Joto. Nyasi zimechomwa upande wa mashariki, moshi umefika mpaka kituoni. Wakulima wanakohoa kwenye foleni na bado wanapata pumzi ya kunitukana.

8 Septemba

Jioni mawingu yamekusanyika upande wa ziwa. Flora anasema vuli itawahi. Mvua ikinyesha, kila dimbwi litakuwa na maji na mbogo watatawanyika, hatutamwona hata mmoja. Siku zinaisha. Nilidhani jambo hilo lingenitia haraka. Badala yake nilijikuta naitamani mvua.

Flora alikuwa anachambua mchele. Akasema bila kuinua kichwa, "Baba Adventina, kama hutaki kwenda, usiende."

"Nani kasema sitaki?"

"Mimi nilikuwepo siku ile. Nilihesabu."

Nikatoka nje.

14 Septemba, usiku, nyumbani

Mwandiko utasamehewa.

Tuliingia porini kabla ya jua, mimi, Gabriel na Bwana Gody. Tulivuka mto mkavu, tukafuata nyayo mbichi za dume mmoja. Alikuwa peke yake, mmoja wa yale madume mazee yaliyofukuzwa kundini. Tulitembea mpaka jua likawa kichwani. Kile ambacho hatukipimi uani kwa Gabriel nilikipima leo: kutembea asubuhi nzima na upinde begani, kutambaa kwenye miiba, kupiga goti, halafu ndipo uvute. Nyumbani tunavuta tukiwa tumeshiba. Vizazi vyote hivi, na hakuna aliyewahi kusema tuwataje marehemu jioni, mtu akitoka shamba.

Tulimkuta kwenye dimbwi lililobaki na tope. Upepo ulikuwa wetu. Gabriel alisogea mbele kushoto, akajibanza kwenye kichaka na mkuki wake, akanigeukia, akakunja ngumi, maana yake yuko tayari. Gody alikuwa nyuma yetu. Mbogo alikuwa karibu kiasi kwamba niliona kupe kwenye sikio lake.

Nilivuta. Nikafika kidevuni.

Mguu wake wa mbele ulikuwa umerudi nyuma, umefunika pale pa kupiga, nyuma ya bega, chini kidogo. Ilibidi asogee hatua moja. Hatua moja tu na njia ingefunguka. Nikaanza majina kimoyomoyo, ndivyo ninavyosubiri. Babu Makongoro. Bibi Rhobi. Mbogo alipiga mkia. Baba wakubwa. Shangazi Wankyo. Alinyanyua kichwa akatafuna hewa. Mama. Moto uliwaka chini ya shingo, ukashuka mpaka kiwiko. Baba. Ncha ya mshale ilianza kuandika hewani. Gasper.

Mwili una akili yake. Ulijua hapo ndipo dada aliponyamaza siku ile. Ulidhani tumemaliza. Mkono ukalegea.

Sikuachia mshale, namshukuru Mungu kwa hilo. Niliurudisha upote ovyo, upinde ukagonga tawi, mshale ukadondoka kwenye mawe. Kwa masikio ya mbogo ilikuwa kama mtu kabisha hodi. Aligeuka mwili mzima, tope likiruka, akaja kwenye sauti. Kati yangu na yeye alikuwepo Gabriel.

Niliona mgongo wa mdogo wangu unasimama. Hakukimbia. Alikuwa anangoja mshale wangu upite, maana ndivyo tulivyomfundisha. Nilipiga ukelele, "Ruka!" Sijui kama nilitoa sauti. Aliruka pembeni, akaangukia kwenye miiba, pembe ikapita na koti lake. Gody akapiga risasi moja juu. Mbogo akakata kona, akavunja kichaka, akaenda.

Ukawa ukimya ule wa porini, nzi tu.

Gabriel alitoka miibani, koti limechanika toka kwapani mpaka kiunoni, ngozi chini yake nzima, haina hata alama ya pembe. Alijishika mbavu, akajitazama, kisha akanitazama. Nilitegemea anipige. Aliokota mshale wangu kwenye mawe, akanipa.

"Mimi pia nilisikia," akasema.

"Ulisikia nini?"

"Dada aliruka jina. Nilisikia, kaka. Nikapiga kelele ya furaha ili wengine wasisikie, kwa sababu nilitaka twende. Tungefutwa mwaka huu, nani angetupa kibali tena?" Sauti ikamkatika. "Lakini wewe ndiye uliyekuwa unajua mkono wako. Mimi ningejuaje? Ungesema, kaka. Ungesema tu."

Bwana Gody alitutazama wote wawili, akaanza kutembea kurudi gari lilipo. Tulipofika akaniambia, "Mzee Niko, leo ningeokota watu." Hilo tu.

Nimemwambia Flora kila kitu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanivua shati kwa sababu mkono haukupanda, akanilaza. Nimemwona analia akidhani nimesinzia. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani, na mimi nimeitwa mwizi kila siku ya soko.

15 Septemba

Sikwenda misa.

17 Septemba, Butiama

Nimekwenda kwa Wambura, nimeurudisha upinde wa kilo thelathini na kuchukua wa ishirini na tano. Nilitarajia maneno. Aliupaka mafuta, akanipimia upote mpya, akasema, "Huu utazeeka na wewe." Ana domo, ila si mtu mbaya. Sijui kwa nini nimechukua miaka yote hii kuona.

Kisha nilipita kwa Gabriel. Nikamwambia mshale wa kwanza ni wake kuanzia leo. Siku bado zipo, kibali hakijafa, na jina lake limo pia. Mimi nitabeba maji. Maneno yenyewe yalipita vizuri kooni kuliko nilivyoogopa.

"Sitachukua upinde ambao sijatajiwa majina," akasema. "Yote."

"Hata mimi sitakubali uende bila hivyo."

"Basi mlete dada."

18 Septemba

Bega limeamka vizuri. Sijui kuliandikia nini.

20 Septemba

Msimu wa pamba unaisha. Matone machache jioni, vumbi likanukia. Haikuwa mvua hasa.

22 Septemba, Kamunyonge

Nimekwenda Musoma baada ya misa. Njiani nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa na hasira iliyokaa tangu Agosti, na sasa ilikuwa na sababu: huruma yake nusura imuue Gabriel. Nilitaka kumwambia kwamba dada hapewi kazi ya kupima ili apendelee. Nilitaka kumwambia kwamba marehemu harukwi.

Nilimkuta uani, dagaa wametandazwa kwenye turubai, yeye ameketi kwenye kigoda anatoa takataka. Alinipa kigoda kingine. Nikamweleza ya porini, yote, mpaka koti. Mikono yake ilisimama.

"Gabriel yuko mzima?"

"Yuko mzima."

"Asante Mungu." Akajishika kifua. Akakaa hivyo.

Ndipo nikasema niliyoyapanga. Nikamwambia, "Dada, uliruka jina ili nipite. Ulinihurumia, na huruma yako..."

"Nilikuhurumia wewe?"

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, mpaka nikasahau sentensi yangu.

"Niko, mimi siku ile sikuwa nimekuona wewe. Hata upinde sikuwa nauona." Akaanza tena kuchambua dagaa, haraka haraka, wazuri na wabaya anatupa pamoja. "Nilifika kwa Gasper, nikafungua mdomo. Halikutoka. Nikasema ngoja, nivute pumzi. Halikutoka. Nikaona nitaanguka mbele za watu, nikaenda kukaa. Mlipoanza vigelegele nikajua mmedhani nimemaliza."

Wiki zote hizi nilikuwa nimeliweka bega langu katikati ya dunia.

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Niseme siwezi kumtaja mwanangu?" Upande wa ziwa ngurumo ilipita mbali, nikaona mabega yake yanashikana. "Siku ile mvua ilikuwa imeanza. Alikuwa kule, pale kwenye banda. Nilisimama mlangoni hapa, nikamwita jina lake, nikamwambia ingia ndani, acha vifaranga. Alikuwa anakuja mbio. Nilipomwita akasimama. Akanigeukia anijibu. Alikuwaga hivyo, ukimwita lazima asimame akujibu vizuri, nimemlea mwenyewe." Akafuta pua kwa ncha ya kitenge. "Asingesimama, Niko. Nisingemwita angekuwa ameshafika mlangoni. Tangu hapo jina hilo sijalitaja. Padre kwenye misa ya maziko alilitaja yeye. Nikiwa nasali nasema, yule mtoto."

Nilihama kigoda changu, nikakaa karibu yake. Nilitaka kumwambia radi haingoji jina la mtu. Niliyameza, maana najua watu wote wamemwambia hivyo, na hajasaidika. Mimi ni mwanaume wa kuwinda na wa kupima pamba, lakini nililia pale kwenye turubai la dagaa bila kujificha, naye akanishika mkono ule mbovu.

Tukakaa. Dagaa walianza kuvutia nzi.

Baadaye nikamwambia kwamba Gabriel hatakwenda bila majina yote, na akitaka tuliache jambo hili, tutaliacha, kibali kife chenyewe. Hakuna mbogo anayefaa kumtoa machozi ya namna hii. Alitazama banda la kuku. Midomo yake ilianza kutembea, na nikajua anataja majina tangu mwanzo, kwa pumzi tu, babu, bibi, wakubwa, shangazi, mama, baba, Gasper. Alipofika hapo akasimama. Akafumba macho. Muda ulikwenda, mwenye upinde angekuwa ameshauangusha zamani. Nikajizuia nisimsaidie.

"Revocatus," akasema.

Alilisema kwa sauti, kama kawaida, jirani angeweza kusikia. Kisha akainama mpaka paji la uso likagusa magoti, nikamwekea mkono mgongoni mpaka alipoinuka.

Alinawa uso kwenye ndoo. Aliporudi, sauti ilikuwa ile yake ya kutuamrisha tangu utoto.

"Nitakuja Jumamosi. Mwambie Gabriel asichague upinde kwa kujionyesha, achague ule atakaoweza kuushikilia mpaka mwisho. Jina la mwisho nitachelewa kulitaja."

Nimemwambia.